Pampu ya petroli imekufa kweli? Sikio, mita, geji na kompyuta: kipi kianze

Stoo kwangu, Nkuhungu, kuna pampu ya petroli nzima kabisa. Ukiigusisha na betri inalia, inavuta, inasukuma, haina kasoro. Ilitoka kwenye gari langu mwenyewe. Nilimlipa fundi aitoe, nikanunua nyingine, na gari likaendelea kuzima vilevile.

Ilikuwa mwezi wa kumi, lile jua la Dodoma la kabla ya mvua. Bondeni Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, barabara ni tambarare na gari lilikuwa linateleza tu. Tulipoanza kupandisha kuelekea Manyoni likaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, haliendi. Likakohoa mara mbili, likazima. Tukakaa kivulini nusu saa, likawaka kama halijawahi kuumwa. Kilomita chache mbele, yaleyale.

Kila niliyemsimulia alijibu neno moja: pampu. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, hiyo pampu imechoka. Ilete nyingine, nakufungia leo leo." Nikaileta. Wiki iliyofuata nilisimama tena, safari hii na pampu mpya.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji ndogo ya Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshainua siti ya nyuma. Chini yake pana kifuniko cha chuma, na juu ya kifuniko vumbi jekundu la kutosha kuotesha mtama. Alilipuliza lote kwanza, akafuta kwa kitambaa, ndipo akafungua. Akanionyesha soketi ya nyaya za pampu. Pini moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na plastiki iliyoizunguka imeyeyuka kidogo upande mmoja. Akachomeka mita kwa nyuma ya soketi, gari likiwa limewashwa: volti 9 na kitu. Kwenye betri, 14.

"Pampu yako haikuwa mgonjwa, mwanangu," akasema. "Ilikuwa inakufa njaa."

Tangu siku ile watu wananiuliza njia ipi ya kupima pampu inafaa kulipiwa. Ziko nne zinazotumika mjini hapa, na ya tano ambayo si kupima bali ni kubahatisha. Nazilinganisha kwa magari ya petroli yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, yaani karibu magari madogo yote tunayoagiza Japani. Dizeli ina mambo yake na sitaigusa.

Kwanza: ni mafuta au ni moto?

Gari linalopiga stata bila kuwaka limekosa petroli au limekosa moto wa plagi. Ukiruka swali hili, njia zote nne zitakudanganya.

Anayeponza wengi ni sensa ya kranki. Nayo ikichakaa hufa gari likipata joto na hufufuka likipoa, dalili zilezile wanazozisomea pampu. Tofauti ni kwamba sensa ya kranki ikifa, moto wa plagi nao unakatika, kwa sababu kompyuta ya gari haijui kama injini inazunguka. Pampu ikifa peke yake, plagi bado zinatoa moto. Kwa hiyo gari likizima njiani, chunguza palepale kabla halijapoa. Likishawaka ushahidi umepotea.

Na kabla hata ya hapo, mimina lita tano. Geji ya mafuta kwenye dashibodi huwa inasema uongo, na nimeona pampu ikishushwa kwenye gari ambalo lilikuwa limekauka tu.

Sikio

Hii ni bure. Unafungua ufunguo bila kupiga stata, mwenzako anainamia siti ya nyuma au mdomo wa tangi, na mnasikiliza mlio wa zzzz wa sekunde moja au mbili. Ukisikika, pampu inapata umeme na inazunguka. Usiposikika, imekufa.

Hivyo ndivyo inavyofundishwa vijiweni, na nusu yake ni kweli. Nissan, Honda na Subaru nyingi zinalia hivyo. Toyota nyingi hazilii. Kwa hizo, kompyuta hairuhusu pampu izunguke mpaka ipate habari kwamba injini inazungushwa, kwa hiyo ufunguo ukiwa umefunguliwa tu, ukimya ni hali ya kawaida. Sikiliza wakati mwenzako anapiga stata, na hapo nakiri stata yenyewe inapiga kelele. Kwenye Toyota za miaka ya tisini kuna kiboksi cha kupimia chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, pampu inazunguka bila injini. Mafundi wa zamani wanalijua hilo kama jina lao.

Uzuri wa sikio ni kwamba linatenganisha pampu iliyokufa kabisa na iliyo hai. Iliyochoka haliijui. Pampu yangu ililia vizuri muda wote ule, kwa volti 9.

Kuna binamu yake sikio, naye ni kugonga. Gari limekataa, unapiga chini ya tangi kwa kitako cha kiatu au gongo la mti mara tatu nne huku mtu anapiga stata. Likiwaka, kaboni za ndani ya mota ya pampu zimeisha na mtikisiko umezigusisha. Ila mtikisiko huohuo unaweza kugusisha soketi iliyolegea, kwa hiyo usikimbilie dukani. Kimbilia nyumbani kwanza.

Mita ya umeme

Ningekuwa na hela ya kulipia kipimo kimoja tu, ningelipia hiki, tena kwa fundi umeme, si makenika. Mita ya kawaida si kitu cha bei, na wengi wanayo. Wanaojua kuitumia hapa ni wachache.

Kosa la kawaida ni kuchomoa soketi ya pampu, kuweka mita kwenye pini zake, kuona volti 12 na kutangaza kwamba umeme upo, pampu mbovu. Wakazi wa Dodoma wanaoujua mgao wa maji watanielewa hapa. Bomba lililoziba kwa chokaa ukilifunga mbele linajaa maji hadi kwenye koki kama bomba zima. Lifungue uone matone. Waya uliooza ni hivyohivyo: usipovuta umeme unaonyesha 12 safi, pampu ikianza kula unashuka. Ndiyo maana mzee wa Chang'ombe alipima soketi ikiwa imeunganishwa na pampu ikifanya kazi, akichomeka ncha za mita kwa nyuma.

Kinachotakiwa ni volti za kwenye pampu zikaribiane na za kwenye betri. Injini ikiwa imewaka betri huonyesha 13.5 hadi 14.5 hivi. Kisha unapima upotevu njiani: ncha moja chanya ya betri, nyingine chanya ya pampu; halafu hasi kwa hasi. Kila upande usizidi nusu volti. Upande wa hasi, yaani ethi, unasahaulika sana, na mara nyingi kosa ni skrubu moja yenye kutu kwenye bodi la gari. Tahadhari moja: magari yenye injini kubwa, na Nissan kadhaa, hupunguza volti za pampu kwa makusudi gari likiwa sailensi, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta, ili isilie ovyo. Hapo pima ukiwa umevuta mafuta, usije ukakuta ugonjwa usiokuwepo.

Asiye na mita atumie balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili. Inachomekwa mahali pa pampu. Ikiwaka kali kama ilivyo kwenye betri, umeme unafika, japo hilo halithibitishi kwamba utaibeba pampu. Ikiwaka njano ya kibatari, fuata waya. Pampu nyingi za magari madogo hula ampea 4 hadi 8, na balbu hiyo inakula chini ya 2, kwa hiyo ikifeli kwenye balbu kwa pampu ni msiba.

Rilei na fyuzi zinaingia hapahapa. Rilei ya pampu, yaani swichi inayopitisha umeme wake, mara nyingi inafanana na ya honi, namba zilezile. Badilishana nazo dakika moja. Honi ikinyamaza na gari likawaka, umemaliza kazi.

Geji ya presha

Mita inasema kama pampu inalishwa. Geji inasema kama pampu inafanya kazi ya chakula ilichokula. Ndiye hakimu, na mtu asikubali pampu yake ihukumiwe kwamba imechoka bila huyu kukaa.

Shida yake ni kufunga. Magari mengi ya Kimarekani yana kivalvu kama cha tairi kwenye reli ya nozeli (zile zinazopulizia petroli kwenye injini), unafunga geji na kusoma. Ya kwetu ya Kijapani kwa kawaida hayana. Lazima fundi aachanishe bomba la petroli, aweke kiunganishi cha T kinacholingana, na si kila gereji ina viunganishi vyote. Ukipiga simu gereji, usiulize kama wana geji. Uliza kama wana kiunganishi cha gari lako.

Kabla ya kuachanisha, presha inaondolewa: unachomoa fyuzi au rilei ya pampu, unawasha gari mpaka linazima lenyewe, kisha unatoa hasi ya betri. Sigara mbali, simu mbali, kizima moto karibu. Na ukiona fundi ananyonya petroli kwa mpira mdomoni, mpe maji ya kusukutua, halafu tafuta mwingine.

Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya Vitz, IST na Raum nyingi, Toyota wanataka presha ya 3.0 hadi 3.4 kwa kipimo cha bar, au 44 hadi 50 kwa psi, na dakika tano baada ya kuzima isiwe chini ya 1.5. Gari la aina nyingine lina namba zake na fundi azitafute kabla, siyo kusema "iko poa" kwa macho.

Usomaji wenyewe ni mtamu ukishauzoea. Sindano isiyonyanyuka kabisa na umeme upo: pampu imekufa, hakuna mjadala. Sindano iliyo sawa gari likiwa sailensi lakini inashuka ukivuta mafuta: pampu imechoka, au filta imeziba, au umeme haufiki vizuri, na ndiyo maana mita ilitangulia. Sindano inayoanguka mara tu ukizima: kivalvu cha kuzuia mafuta yasirudi kimechoka, au nozeli inavuja, au regileta ya presha ni mbovu. Gari la namna hiyo asubuhi linapigwa stata muda mrefu, mchana halina tatizo. Na sindano iliyo sawa muda wote huku gari halipandi mlima: iachie pampu heshima yake, angalia masega ya kwenye bomba la moshi (kile kisafisha moshi, huwa kinaziba), plagi, koili.

Kuna jambo geji ya gereji hailioni. Dodoma mjini kuko juu ya bahari kwa mita 1,100 na ushee lakini barabara zake za mjini hazimchoshi mtu. Pampu iliyochoka inaweza kutoa presha nzuri uani kwa fundi ikashindwa kutoa wingi wa mafuta mlimani. Dawa ni kupima wingi: bomba linaelekezwa kwenye dumu, pampu inawashwa, na kwa kanuni ya mafundi nusu lita inatakiwa itoke ndani ya nusu dakika, isipungue. Au geji yenye mpira mrefu ifungwe nje ya kioo cha mbele, kamwe si ndani ya kabini, na gari lipandishwe mlima huku mtu wa pembeni anasoma.

Onyo kwa wenye injini za D4, zile za Toyota zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda: kuna pampu mbili. Ya kwenye tangi inapimika kama nilivyoeleza, japo kwa namba tofauti. Ya pili imekaa juu ya injini na presha yake ni mara ishirini na zaidi ya hizi. Geji ya kawaida isiguse huko.

Kompyuta

Wateja wanaipenda kwa sababu ina kioo. Unalipa, dakika tatu unapewa jibu lenye herufi na namba, unaondoka na amani. Mimi naiweka ya tatu, nyuma ya geji.

Sababu ni moja: magari mengi tunayoendesha hayana sensa ya presha ya petroli. Kompyuta haiwezi kuripoti kitu isichokiona. Kodi ya P0087, yaani namba ya hitilafu ya presha ndogo, utaipata kwenye magari yenye sensa hiyo, hasa ya D4 na jamii yake. P0230 ni ya umeme wa pampu, si ya pampu yenyewe. P0171, ambayo fundi wengi wakiiona wanasema pampu, maana yake ni hewa nyingi kuliko petroli, na kwa vumbi la kwetu sensa ya hewa iliyochafuka inaileta sawasawa na pampu iliyochoka. Tena magari ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi, mengi yana tundu la mashine lakini vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu havielewani nayo.

Ila mbele ya fundi anayesoma namba hai, badala ya kodi tu, inageuka kuwa kitu kingine. Aangalie asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Ikipita 10 gari likiwa sailensi na ikashuka ukivuta mafuta, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, mpira umepasuka mahali. Ikiwa ndogo sailensi na ikapanda ukikanyaga, shuku pampu, filta au sensa ya hewa. Na kwa sensa ya kranki haina mpinzani: kodi P0335, au mzunguko wa injini unaosoma sifuri huku stata inazungusha.

Kufunga nyingine tuone

Hii ndiyo ya tano. Fundi ana pampu ya mtumba kwenye boksi, anakufungia ujaribu. Inavutia kwa sababu jibu linakuja haraka. Kasoro yake ni kwamba kuchomoa na kuchomeka soketi kunasugua pini, kwa hiyo gari linapona siku mbili tatu kwa sababu ya soketi, sifa inapewa pampu, na wewe unalipa. Mimi nililipa. Tena kila tangi linapofunguliwa vumbi linaingia, na mpira wa kifuniko ukirudishwa vibaya utanusa petroli mpaka Krismasi.

Uchague ipi

Gari lililokataa kuwaka kabisa nyumbani: sikio, rilei, mita. Geji haihitajiki, usiilipie. Linalowaka ila linachoka mlimani: mita na geji siku moja, gereji moja, na dai uone namba kwa macho yako. Linalosumbua asubuhi tu: geji peke yake, kile kipimo cha dakika tano. Linalozima likipata joto: kompyuta kwanza kwa ajili ya kranki, mita baadaye. Ukiwa umekwama njia ya Mtera kuelekea Iringa, ambako gereji ni miti: lita tano, rilei ya honi, gongo chini ya tangi, kwa mpangilio huo.

Pampu ikishahukumiwa kihalali, kuna tatu za kuchagua. Mpya ya chapa inayojulikana ndiyo ninayoshauri kwa anayetembea Singida au Morogoro kila wiki. Mpya ya bei poa naiogopa zaidi ya mtumba, kwa sababu mtumba uliokaguliwa kwa geji angalau umeshathibitisha kuwa unasukuma. (Nasema mtumba wa spea, si Mtumba ya Mji wa Serikali. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini wizara ziko sokoni.) Yoyote utakayochukua, badilisha chujio lake na ukague soketi, la sivyo unamfunga mgeni kwenye kitanda chenye kunguni.

Halafu acha kutembea na taa ya mafuta imewaka. Pampu inapozwa na petroli inamokaa. Najua ile tabia ya kuweka ya elfu kumi kumi tukisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA washushe bei. Mwezi wa kumi na moja, kwa jua letu, pampu inalipa hiyo tofauti.

Ile ya stoo bado ipo. Jirani yangu alikuja kuiomba mwezi uliopita, gari lake limegoma na fundi kamwambia pampu. Nikamwambia aichukue, ila abebe na mita. Alirudi jioni na vyote viwili, pampu ikiwa bado na vumbi lake. Ilikuwa fyuzi.